Cherehani za Biashara Street zinavyoanika pengo katika ufundishaji wa uhandisi

NA MWANDISHI WETU

MJADALA kuhusu umahiri wa wahandisi wanaohitimu katika vyuo vikuu vyetu huibuka kila msimu wa mahafali, kisha huzimika kabla majoho hayajarejeshwa yalikokodishwa. Waajiri hulalamika kwamba kijana aliyesoma kwa miaka mitano hajui pa kuanzia anapoonyeshwa mashine iliyokwama. Vyuo navyo hujibu kwamba kazi yao ni kuandaa wahandisi, si mafundi wa kushika spana. Katikati ya malumbano hayo anabaki mzazi aliyekopa ili alipe karo, pamoja na kijana mwenye shahada asiyejua lawama ni ya nani.

Aghalabu suala hili hujadiliwa Nairobi, katika makongamano ya hotelini, kwa lugha ya bajeti, vibali na idhini za kozi. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini kiini cha mambo ni swali jepesi kulitamka na zito kulijibu: uhandisi wa umeme na mitambo unafundishwaje? Kwa swali hilo, Biashara Street katika kisiwa cha Mombasa ni darasa bora kuliko ukumbi wowote wa makongamano.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa Biashara Street ni nini. Ni mtaa wa leso na vikoi unaochepuka kutoka Barabara ya Digo, si mbali na soko la Marikiti. Ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza biashara mwaka 1887, ambalo chapa yake ya "Mali ya Abdulla" imo katika makabati ya akina mama wengi wa Pwani. Barazani mwa maduka ya mtaa huo huketi mafundi cherehani. Mteja akishanunua doti ya leso, humpa fundi aikate katikati na kuipinda, na kazi hiyo humalizika mteja akiwa bado amesimama hapo hapo.

Wapita njia huangalia nguo. Wachache huiangalia mashine. Ilhali mashine hiyo ni mfano kamili wa kile ambacho vyuoni huitwa uhandisi wa umeme na mitambo. Umeme unaingia upande mmoja na mwendo uliopimwa unatokea upande wa pili, wala hakuna anayeweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili bila kuiua mashine yenyewe.

Mashine moja, taaluma mbili

Tuanze na cherehani ya miguu, ile ya kanyagio la chuma iliyowavisha wazazi wetu. Mguu hupanda na kushuka. Fimbo huugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka, gurudumu kubwa huhifadhi nguvu, na mkanda wa ngozi huipeleka juu. Ndani ya kichwa cha mashine, mzunguko hugeuzwa tena ukawa mwendo wa kupanda na kushuka wa sindano. Mwanafunzi wa uhandisi hufundishwa hayo kwa michoro na milinganyo, chini ya anwani ya nadharia ya mitambo.

Siri kubwa iko chini ya bamba. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi wake hulegea na kufanya kitanzi kidogo karibu na tundu. Ndoana inayozunguka huko chini sharti ifike wakati huo huo, sindano ikiwa imepanda takriban milimita 2, ikidake kitanzi hicho na kukizungushia bobini. Ndoana ikitangulia au ikichelewa, mshono unaruka. Katika mashine za kiwandani ndoana hiyo huzunguka mara mbili kwa kila mshono mmoja, kwa hivyo mashine inayoshona mishono 5,000 kwa dakika huwa imeizungusha ndoana mara 10,000. Fundi hodari huirekebisha kwa jicho na bisibisi. Mwanafunzi angehitaji kurasa kadhaa za hesabu kueleza alichokifanya.

Kisha ukaja umeme. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, fundi awe anashona au anazungumza na mteja. Kanyagio huiunganisha na kuitenga na mkanda tu. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, mota ya namna hiyo yenye jozi moja ya ncha za sumaku huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Iwapo gurudumu la cherehani lina kipenyo cha milimita 80 na fundi anataka mishono 4,000 kwa dakika, gurudumu la mota linapaswa kuwa na kipenyo cha milimita 112 hivi. Akinunua mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani, ambao ni wa mizunguko 60, hata akishaitatua tofauti ya volti ataikuta imepungua kasi kwa takriban sudusi moja. Hapo hesabu ya umeme imekuwa hesabu ya mitambo, na haijulikani ni mhadhiri wa idara gani mwenye haki ya kuifundisha.

Sasa imeingia mota ya sevo. Hiyo huzunguka pale tu fundi anapokanyaga, na kwa hivyo hupunguza bili ya umeme. Ndani yake mna vihisi vinavyopima kanyagio limesukumwa kwa kiasi gani na sindano iko wapi, na bodi ya elektroniki inayoamua kasi. Mashine za kutarizi za kompyuta zimekwenda mbali zaidi, kwani programu huiongoza sindano na fremu kwa pamoja. Fundi aliyezoea kutambua ugonjwa wa mota kwa harufu na mlio wake, leo anasomewa msimbo wa hitilafu na kioo kidogo, naye hana wa kumtafsiria.

Hii si hadithi ya leso pekee. Viwanda vya nguo vilivyochipuka Mombasa kufuatia sheria ya AGOA ya Marekani ya mwaka 2000 viliweka safu kwa safu za mashine za jinsi hii. Katika safu ya kiwanda mashine moja ikisimama, mashine zinazofuata hukosa kazi, na mshonaji anayepimwa kwa idadi ya vipande ndiye anayeumia kwanza. Kreni za bandari ya Kilindini, lifti za majengo ya Moi Avenue na pampu za visima zina mantiki ile ile: mota, njia ya kupokezana mwendo, breki, kihisi na kidhibiti. Tofauti ni ukubwa na gharama ya kukosea.

Somo linalokatwa vipande

Tazama basi jinsi maarifa hayo yanavyogawanywa chuoni. Shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka mitano. Sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo humezwa na hisabati, fizikia na uchoraji. Nadharia ya mitambo ina mhadhiri wake, mota za umeme zina wake, elektroniki iko katika idara nyingine, na somo la udhibiti husubiri miaka ya mwisho. Kila somo lina mtihani wake, na mtihani ukishapita daftari hufungwa. Mwanafunzi hukutana na mkanda katika somo moja, mota katika somo la pili na bodi katika somo la tatu. Mashine nzima anaweza asikutane nayo hadi siku anapoajiriwa.

Maabara ndiyo iliyokusudiwa kuviunganisha vipande hivyo. Lakini maabara ya kawaida huendeshwa kwa karatasi ya maelekezo ambayo jibu lake linajulikana tangu mwanzo. Kundi likiwa kubwa na kifaa kikiwa kimoja, mwanafunzi mmoja hushika waya, wawili husoma mita, na waliosalia hunakili tarakimu. Ripoti huandikwa vizuri, alama hutolewa, na hakuna aliyelazimika kufikiri kwa nini mota haizunguki, maana mota ilikuwa nzima.

Hapa ndipo penye pengo lenyewe. Kutafuta hitilafu ni njia ya kufikiri, na njia hiyo ina nidhamu sawa na ya hisabati. Fundi wa Biashara Street akiletewa cherehani iliyokwama huanza kwa kuuvua mkanda. Mota ikizunguka bila mkanda, ugonjwa uko juu, katika kichwa cha mashine. Isipozunguka, uko chini, katika mota au umeme unaoifikia. Kwa tendo moja la sekunde chache ameigawa mashine mara mbili na kuondoa nusu ya shaka zake. Mtaalamu wa mantiki angeliita jambo hilo kwa jina refu. Mwanafunzi aliyepita miaka mitano bila kuletewa kitu kilichoharibika hajapata nafasi ya kujifunza nidhamu hiyo, hata awe bingwa wa milinganyo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuishusha hadhi ya chuo kikuu hadi jua kali. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito wake. Ni kweli kwamba mhandisi anapaswa kujua zaidi ya kukarabati. Yeye ndiye anayeamua mhimili uwe na unene gani, waya ubebe mkondo kiasi gani, na kreni ibebe tani ngapi bila kuwaangukia watu. Maamuzi hayo hayafanywi kwa harufu wala mlio. Hata hivyo, daktari haondolewi hadhi kwa kumshika mgonjwa. Hakuna chuo cha tiba kinachomhitimisha mwanafunzi ambaye hajaingia wodini, na hakuna anayesema kwamba wodi imekishusha hadhi.

Karakana iliyogeuka chuo kikuu

Kisiwa cha Mombasa kina haki ya pekee ya kuuliza swali hili, kwa kuwa hapa ndipo mojawapo ya majaribio ya mwanzo ya elimu ya ufundi Afrika Mashariki yalipofanyika. Katika miaka ya mwisho ya 1940, Sultani wa Zanzibar Khalifa bin Harub, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni chini ya Gavana Philip Mitchell walishirikiana kuanzisha taasisi ya kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Taasisi hiyo, iliyofahamika kwa kifupi kama MIOME, ilijengwa Tudor na kuanza kupokea wanafunzi mapema katika miaka ya 1950. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa dini zote.

Mwaka 1966 taasisi hiyo ikaitwa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Kenya Polytechnic ya Nairobi nayo ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya.

Kupandishwa hadhi kulishangiliwa, na kwa haki. Kijana wa Pwani hakulazimika tena kupanda basi hadi Juja au Nairobi ili asomee uhandisi. Lakini polytekniki ilikuwa na kazi yake, ambayo ni kuandaa mafundi sanifu wanaosimama kati ya mhandisi na fundi wa mkono. Polytekniki mbili kuu za taifa zilipoingia katika mbio za shahada, wasiwasi ulienea kwamba ngazi hiyo ya kati ingebaki tupu. Serikali ilijaribu kuiziba kwa kuzipandisha taasisi nyingine mwaka 2016, miongoni mwazo iliyokuwa Mombasa Technical Training Institute, ambayo sasa ni Kenya Coast National Polytechnic. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu teknolojia ya uhandisi nayo iliunda bodi ya kuwasajili wanateknolojia na mafundi sanifu, kando na ile ya wahandisi iliyotokana na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011.

Kwa hivyo muundo wa ngazi upo kisheria. Kinachokosekana ni daraja kati ya ngazi na ngazi. Kutoka Biashara Street hadi Tudor ni mwendo mfupi wa tuktuk. Hata hivyo maarifa ya ndoana na kitanzi hayana njia rasmi ya kupanda tuktuk hiyo, wala maarifa ya sevo hayana njia rasmi ya kurudi.

Wengine walipitia wapi

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si jipya. Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia nchini Marekani, shule ya ufundi ya Moscow ilionyesha utaratibu ulioasisiwa na Victor Della Vos. Badala ya kumwacha mwanagenzi ajifunze kwa kumtazama bwana wake miaka na miaka, kila kazi ya karakana ilivunjwa katika hatua, na hatua zikafundishwa kwa mpango kama masomo mengine. John Runkle, aliyekuwa rais wa taasisi ya MIT, aliuona mpango huo na kuupeleka chuoni kwake. Karakana ikapata heshima ya darasa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mzani uliinamia upande mwingine. Rada na nishati ya nyuklia zilikuwa zimeonyesha nguvu za wanafizikia, na wahandisi wakahisi wamepitwa. Ripoti iliyoongozwa na Linton Grinter mwaka 1955 ilivisukuma vyuo vya Marekani kuongeza sayansi na hisabati. Karakana nyingi zilipungua. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vilikua katika zama ambazo mtindo huo ndio uliokuwa na fahari, na mengi ya tunayoyaona leo ni urithi wake.

Wale waliouanzisha mtindo huo walishaurekebisha. Chuo Kikuu cha Aalborg nchini Denmark, kilichofunguliwa mwaka 1974, kiliamua tangu siku ya kwanza kwamba wanafunzi watatumia takriban nusu ya muda wao katika miradi ya vikundi inayotokana na matatizo halisi, na nadharia ifundishwe pale mradi unapoidai. Karibu mwaka 2000, MIT na vyuo vitatu vya Sweden vya Chalmers, KTH na Linköping viliunda utaratibu unaomtaka mwanafunzi abuni, asanifu, atengeneze na aendeshe kitu kizima kabla ya kuhitimu. Utaratibu huo umeenea katika nchi nyingi. Waanzilishi wake hawakuifuta hisabati. Walichokifanya ni kuipa mahali pa kutumika.

Tusidhani pia kwamba mifano yote iko ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kiliyaweka mafunzo ya vitendo kuwa sehemu ya lazima ya shahada, na mwanafunzi alitumia likizo zake ndefu akiwa karakanani na viwandani. Chuo hicho pia ni miongoni mwa vilivyounganisha umeme na mitambo katika shahada moja. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT), ambayo chimbuko lake ni chuo cha ufundi cha mwaka 1957, imekuwa ikijaribu mtindo wa kiwanda cha kufundishia, ambapo wanafunzi hujifunza kwa kutengeneza bidhaa za kuuzwa.

Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, mwaka 2007 baada ya kiwanda hicho kuanguka, kwa nia ya kukifanya mahali pa kufundishia na kutafitia. Kilizinduliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mashine mpya. JKUAT na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri navyo vina shahada za mekatroniki zinazounganisha mitambo, elektroniki na kompyuta. Hatua hizo ni za kupongezwa. Ila jina la kozi au umiliki wa kiwanda pekee havitoshi, iwapo mtihani wa mwisho utabaki ule ule wa kuketi saa tatu na karatasi.

Vizingiti vya ndani

Kwa nini basi mbinu za kufundisha hazibadiliki upesi? Sababu ya kwanza ni jinsi tunavyompima mhadhiri. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na ikatoa muda wa miaka mitano kutimiza sharti hilo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, katika fani ya uhandisi, kigezo hicho humpa uzito aliyeandika makala na kumsahau aliyetumia miaka 20 akiendesha mitambo ya kiwanda. Mhadhiri kijana mwenye akili hujua kipi kitampandisha cheo, naye hukifuata hicho.

Ya pili ni mvutano wa mamlaka. Kwa miaka mingi bodi ya wahandisi na vyuo vikuu vimebishana kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kozi za uhandisi. Wahitimu waliokataliwa usajili walikwenda kortini, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu. Mvutano huo umeifanya mitaala kuwa suala la mawakili. Idara inayohofia kunyimwa idhini haitathubutu kujaribu njia mpya ya kufundisha, bali itajaza saa za mihadhara zinazotakiwa na kunyamaza.

Ya tatu ni mafunzo ya nyanjani. Mwanafunzi hutakiwa kukaa kiwandani kwa wiki kadhaa, akijaza daftari la kila siku. Penye msimamizi makini, huo ndio wakati ambapo vipande vya masomo huungana kichwani. Pasipo na msimamizi, kijana hutumwa kununua chai, na daftari hujazwa usiku wa mwisho. Viwanda vikubwa ni vichache kuliko wanafunzi, na warsha ndogo hazihesabiwi kuwa mahali pa kujifunzia. Ajabu ni kwamba waajiri hutozwa ada ya mafunzo ya viwandani ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Msingi wa kifedha wa kulitunza jambo hili upo tayari.

Ya nne ni lugha. Mwanafunzi anayefundishwa kwa Kiingereza na fundi anayefikiri kwa Kiswahili wanaitazama mashine moja wasielewane. Fundi ana msamiati timamu wa mkanda, springi, bobini na mkazo wa uzi. Mwanafunzi ana msamiati wa vitabuni. Wataalamu wa Kiswahili, wakiwemo wa iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam, walikwisha kuchapisha kamusi za istilahi za sayansi. Lakini istilahi isiyofika karakanani hubaki wino. Kumtaka mwanafunzi aeleze hitilafu kwa lugha anayoielewa mwenye mashine ni sehemu ya uhandisi, kwa sababu mwenye mashine ndiye anayelipa.

Haki ya fundi

Itakuwa dhuluma kumaliza bila kumtazama fundi mwenyewe. Kumsifu kwa ujuzi wake na kisha kumwacha alipo ni namna nyingine ya kumdharau. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula vyuma vyake, umeme unaopanda na kushuka huunguza bodi zake, na teknolojia inamhama. Aliyejifunza kwa uanagenzi anaweza kuirekebisha ndoana akiwa amefumba macho. Lakini asipofundishwa jinsi kihisi kinavyozungumza na bodi, kila mota ya sevo inayokufa kwake ni ya kutupwa na kununua nyingine. Bei ya mota hiyo hutoka mfukoni mwake, na kwa anayelipwa kwa pindo la leso si pesa kidogo.

Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA kwa madaraja, na katika miaka ya karibuni serikali imeweka sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupitia darasani. Vyuo vya kiufundi navyo vimehamia mitaala inayopima umilisi. Hizi ni nyenzo nzuri, mradi tu ziwafikie walio barazani, na mradi cheti kiwe mlango wa kuingilia masomo ya juu, kisiishie kuwa karatasi ya kutundikwa ukutani.

Yanayowezekana sasa

Mageuzi yanayohitajika hayasubiri mabilioni. Kwanza, kila mwanafunzi wa umeme na mitambo akabidhiwe mashine moja ya kawaida tangu mwaka wa kwanza, iwe cherehani, pampu au feni, naye airejelee kila mwaka kwa macho mapya: mwaka huu kwa michoro ya mwendo, mwaka ujao kwa hesabu ya mota, kisha kwa kihisi na programu. Mashine kuukuu zinazotupwa na viwanda zinatosha kwa kazi hiyo.

Pili, maabara ziwe na vitu vilivyoharibika kwa makusudi. Mhadhiri na fundi wa karakana waviharibu pamoja, na alama zitolewe kwa mpangilio wa kuitafuta hitilafu hata kama haikupatikana. Tatu, idara za umeme na za mitambo ziwe na angalau somo moja linalofundishwa na kusahihishwa kwa pamoja, ili mwanafunzi aone wahadhiri wake wakibishana juu ya kitu kimoja.

Nne, mafundi waliobobea waalikwe vyuoni kama wakufunzi wa muda wenye mkataba na malipo, nao kwa upande wao wapewe kozi fupi za jioni za elektroniki katika karakana hizo hizo. Tano, ada inayotozwa waajiri ielekezwe pia kuzilipia warsha ndogo zinazopokea wanafunzi, zikiwemo zile za katikati ya mji, kwa sharti la kukaguliwa na kutoa tathmini ya kweli.

Mtihani wa mageuzi yote haya si mgumu kuutunga. Mpeni mhitimu mashine iliyokufa, mita na muda wa saa moja. Mwulizeni ameanza kuondoa shaka gani, kwa nini ameanza na hiyo, na angeiunda vipi mashine hiyo ili isife tena kwa ugonjwa ule ule. Swali la kwanza fundi analijibu tayari, na la mwisho ndilo lililojengewa chuo kikuu. Shahada isiyoyapima maswali hayo kwa pamoja itaendelea kuwagharimu wazazi fedha zao, na viwanda vitaendelea kuwafundisha upya vijana ambao nchi ilidhani imekwisha kuwafundisha.